Kichwa Kilichobandikwa Dirishani

Nimestaafu majuma sita sasa, na bado nikimwona mtu anachechemea barabarani naanza kukisia kama ni nyonga au ni goti. Nyinyi vijana wa chumba cha picha mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani zile, na hilo neno zamani nimewasamehe. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitaandika. Wanajijua, na wengine bado mnakunywa nao chai ya saa nne. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa, kisha kosa moja nililolifanya mwaka wa 2007, kwa sababu nimewaona mkilifanya nanyi kwa nia njema kabisa, kama mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingizwa gizani. Chumba cha kuoshea picha kilikuwa na upana wa mikono miwili, taa moja nyekundu, na dawa zinazochoma pua mpaka unasahau harufu ya chakula. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Okoth, mpiga picha za eksirei aliyejua mifupa ya nusu ya Nakuru. Hakutumia saa. Alipima muda wa filamu ndani ya dawa kwa kuimba wimbo wa kanisa polepole, na akifika ubeti wa tatu anaitoa. Mimi nilikuwa wa kanisa lingine, wimbo wenyewe siujui, kwa hivyo picha zangu za mwezi wa kwanza zote zilitoka nyeusi tititi.

Alinifundisha kumtazama mtu usoni na kumuuliza kukoje kabla ya kumtazama mfupa. Alinifundisha pia kwamba bahasha ya picha hukabidhiwa aliyemleta mgonjwa. Mgonjwa ana maumivu, alisema, hana mikono ya kubebea vitu. Ikawa ndiyo desturi yetu. Ukiita jina, anayesimama ni mume, au mama mkwe, au mwajiri, na unamweleza yeye huku mwenye mguu ameketi pale kwenye benchi anasubiri kuambiwa baadaye. Nilifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini na sikuona ubaya wowote. Mguu uliovunjika umevunjika tu, yeyote aambiwe.

Mwanzoni mwa 2007 nilikuwa nimehamia kliniki ya binafsi mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya magari. Hapo ndipo mashine ya skani ilipotufikia. Ilipakuliwa kwenye lori ikiwa vipande, na kwa kuwa mlango haukuitosha, ukuta ulibomolewa. Mwenye jengo, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru na baba yake pia, alisimama barabarani akitazama matofali yake yakianguka, akasema kwa Kiswahili cha mjini, "Hii kitu ifanye kazi. Ikikataa, nyinyi ndio mtajenga hiyo ukuta." Fundi aliijaribu kwanza kwa chupa kubwa ya maji. Mashine ikatuonyesha, kwa ustadi wa hali ya juu, kwamba ndani ya chupa kulikuwa na maji.

Kisha tukamlaza mtu. Alikuwa mpakiaji wa magunia aliyeanguka kutoka juu ya lori. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimepiga mafuvu mengi sana, lakini fuvu ni sanduku tu. Sasa nikaona kilichomo. Ukatokea ubongo, kipande baada ya kipande, na mikunjo yake, na vijito vyake vya maji katikati vyenye umbo la kipepeo. Nilisahau kubonyeza kitufe kinachofuata. Niliogopa, nawaambia ukweli, ile hofu ya mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu. Yule mpakiaji akaniuliza kutoka kitandani, "Boss, niamke?" Hakuwa na jeraha lolote la ndani.

Miongoni mwa madaktari waliotuletea wagonjwa alikuwa Daktari Manjit, binti wa Kalasinga mwenye karakana ya mbao. Alikuwa amesomea ng'ambo magonjwa ya akili, akarudi nyumbani wakati kila mtu alimshauri asirudi. Wagonjwa wake wengi walikuwa na ule ugonjwa ambao vitabu huuita sonona. Mtu anazimika taratibu, chakula hakina ladha, usingizi hauji au hauishi, na jamaa zake wanamwambia ajikaze. Aliwatuma kwangu ili tuhakikishe kwamba hakuna uvimbe wala damu inayougandamiza ubongo, maana mambo hayo pia humbadilisha mtu.

Adhuhuri moja alikuja na kompyuta yake, tukala mandazi, akanionyesha picha alizotoka nazo huko alikosoma. Hazikuwa kama zetu. Zetu ni za rangi ya majivu, zinaonyesha umbo. Hizo zilipigwa kwa mashine ya sumaku mtu akiwa macho, akionyeshwa sura za watu wenye huzuni, na mahali ambapo damu ilikimbilia pakawaka rangi ya chungwa. Alinionyesha kitu kidogo kama punje ya lozi, kilicho ndani kabisa, kinachoshughulika na hofu. Kwa watu wenye sonona kiliwaka zaidi. Sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, ambazo hutusaidia kupanga na kuanza jambo, zilififia.

"Huyu anaona huzuni," akasema, "na hapa ndio unaiona hiyo huzuni ikitembea."

Niliweka andazi chini. Maisha yangu yote niliambiwa kwamba huzuni iko moyoni, na moyo nimeupiga picha mara elfu, ni msuli tu. Kumbe ilikuwa na mahali pake, na binadamu walikuwa wamefika wakachungulia. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu ili nisiongee na mtu. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kwa sababu kichwani mwangu nilichanganya mashine ile na ya kwetu. Nikaamini kwamba siku hizi mgonjwa wa akili akiwa mgonjwa kweli, ataonekana.

Mama Wanja aliletwa mwezi wa kumi mwaka huohuo, kutoka Subukia. Alikuwa hajafika miaka arobaini. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, wiki mbili Mombasa, wiki mbili mpakani, kwa hivyo aliyemleta alikuwa kaka mkubwa wa mume, Mzee Gathogo. Mzee huyu alikuwa mpole, koti lake limepigwa pasi, kofia mkononi. Alinieleza kwamba shemeji yake tangu mavuno hapiki, hakamui ng'ombe, haogi mpaka aogeshwe, hasalimii watu. Wengine nyumbani walisema ni uvivu, wengine walisema ni mambo ya kurogwa. Yeye alitaka kujua ukweli. Daktari Manjit alikuwa ameanza kumpa dawa, na akataka skani kabla ya kuendelea.

Nilipokuwa nikimfunga mkanda wa kichwa, Mama Wanja alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Daktari," akasema. Kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. "Naomba uone kitu."

"Usiseme hivyo, mama. Omba nisione."

"Wewe ndio unaweza omba hivyo," akasema, akaniachia mkono.

Picha zilitoka nzuri ajabu. Alitulia kama jiwe, hakuna hata kipande kimoja kilichotikisika. Daktari wa kuzisoma akaandika kwamba kila kitu ni cha kawaida. Nikachapisha filamu, vile vipande ishirini kwenye karatasi moja ya plastiki, nikaingiza bahashani na ripoti yake. Nilipoita jina, Mzee Gathogo akasimama.

"Sema tu, daktari. Iko nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Mshukuru Mungu. Kichwa ni kizuri kabisa."

"Nilijua," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama Wanja alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo. Nilimwona akifunga macho, nikafikiri anaomba.

Wiki tatu baadaye Daktari Manjit alipanda ngazi zetu akauliza mgonjwa wake wa Subukia alienda wapi, kwa sababu hakurudi kuchukua dawa. Nikamweleza nilivyosema na niliyemwambia. Alikaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Madam Rhoda," akasema, "mimi nilikuuliza kama kuna uvimbe. Kama kuna damu. Ukajibu hakuna, na ni kweli. Sikukuuliza kama huyo mama ni mgonjwa. Hiyo mimi najua."

"Lakini zile picha za rangi..."

Akafungua kompyuta tena, zilezile picha. Safari hii akanieleza jambo ambalo mara ya kwanza, kwa kushangaa kwangu, sikulisikia. Kila picha ya rangi haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya watu wengi waliowekwa mmoja juu ya mwingine, wenye sonona upande huu na wasio nayo upande ule, kisha tofauti yao ndiyo iliyopakwa rangi. Ukimtoa mmoja peke yake, hakuna mtaalamu duniani ambaye angeapa ni wa upande gani. Ni sawa na kusimama juu ya kilima ukitazama shamba la mahindi. Ukiwa kule juu unaona wazi upande uliokauka, lakini ukishuka ukachukua bua moja mkononi, huwezi kusema limetoka wapi.

"Kwa hivyo hata hiyo mashine kubwa haiwezi kumwona Mama Wanja?"

"Bado. Inaona ugonjwa. Mgonjwa lazima nimwone mimi."

Nikiwaambia kwamba nilishangaa zaidi siku hiyo kuliko ile ya kwanza mtasema nimezeeka. Lakini fikirini. Binadamu wamejenga mashine inayoona damu ikikimbia ndani ya wazo, na bado mwanamke aliyeketi hatua mbili kutoka kwako anaweza kuwa anazama na kila kipande chake kikatoka safi. Ubongo ni mkubwa kuliko vifaa vyetu. Nilikuwa nimeshika kazi hiyo miaka yote hiyo bila kulijua jambo hilo.

Tulipiga simu kwa jirani yao, haikushika. Tukapanga kwenda baada ya sikukuu. Mnajua kilichokuja baada ya sikukuu. Januari ya 2008 vurugu za uchaguzi zilifunga barabara, na mashine yetu ilifanya kazi kuliko siku zote za maisha yake. Sitaandika niliyoyaona, na sikuuliza mtu ametoka upande gani. Nitasema tu kwamba vichwa vile mashine ilivijibu vyote, hapa damu, hapa mfupa, na madaktari wakajua pa kushika. Kila nilipotoa filamu yenye jibu, nilimkumbuka Mama Wanja, ambaye filamu yake haikuwa na jibu nami nikasema ndilo jibu. Nilijua kwamba kama amekufa, amekufa na sentensi yangu.

Mwezi wa tatu, barabara zilipofunguka na watu wakaanza tena kusalimiana, Daktari Manjit alinipitia asubuhi na gari la baba yake lenye vumbi la mbao kwenye viti. Tulifika Subukia jua limeshapanda. Boma lilikuwa safi, kahawa imepaliwa, wake wa ndugu wako kazini. Mzee Gathogo alitupokea kwa furaha ya kweli akatuingiza sebuleni. Nikaiona.

Walikuwa wameibandika filamu dirishani. Kioo cha mashariki, seloteip pembe zote nne, na jua likipita katikati. Vipande ishirini vya ubongo wa Mama Wanja viling'aa pale juu ya kochi. Katika kazi yangu yote sijaona sanduku la taa lililoonyesha picha vizuri namna hiyo. Kilikuwa kitu kizuri sana, na nilitamani ardhi inimeze.

"Kila mgeni namwonyesha," Mzee akasema. "Wamama wa kanisa, chifu, wote. Namwambia angalia mwenyewe, kichwa haina kitu." Akanielekezea mkono kwa heshima. "Na ndio huyu daktari alituambia."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Mama Wanja alikuwa kitandani, amelala ubavu, na kutoka pale alipokuwa aliliona dirisha lote. Miezi mitano aliamka kila asubuhi akaona ushahidi dhidi yake ukiwaka. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Mke mmoja wa ndugu alitunong'oneza kwamba hulala naye chumba kimoja bila kuambiwa na mtu, anaogopa tu kumwacha peke yake usiku. Daktari Manjit alimpima, akarudi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Akiendelea hivi, huyu hatumpati tena."

Tukaketi. Daktari Manjit akafungua kompyuta juu ya kitambaa cha meza, akawaonyesha zile picha za rangi. Familia nzima ikasogea. Hata mimi niliyeziona mara mbili nilisisimka. Mzee Gathogo alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hapa ndio kunawaka?"

"Ndio, mzee. Na hapa ndio kunafifia. Ni ugonjwa, kama presha. Si uvivu."

Kisha akauliza lile swali. "Na hii ni kichwa yake?"

Nilifungua mdomo. Nawaandikia hili mjue. Neno moja tu, ndiyo, lingemaliza kila kitu. Dawa zingerudi, filamu ingebanduliwa, mama angepona. Nilikuwa na koti jeupe na walikuwa wakiniamini. Nikamtazama Daktari Manjit. Naye alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana.

"Hapana," akasema. "Si yake. Ni ya watu wengi, na siwajui."

"Basi yake iko wapi?"

"Yake sina. Hata ningempeleka kwa hiyo mashine, ya mtu mmoja haiwezi kunihakikishia."

Mzee akavua miwani. Wake wa ndugu walianza kutazamana, na niliona kwamba tunampoteza. Nikasimama. Sikuwa msemaji wa mikutano.

"Mzee, mimi ndio nilikosa," nikasema. "Hii picha haikuwa ya kukuambia kama ni mgonjwa. Mashine yetu inaangalia nyumba kwa nje, kama kuta zimesimama. Ndani kama kuna njaa, haioni. Ningemwambia yeye mwenyewe, na ningemuuliza. Nilikuambia wewe, na nikakuambia vibaya."

Nikaingia chumbani, nikaketi ukingoni mwa kitanda, na nikamuuliza Mama Wanja kile ambacho Mzee Okoth alinifundisha siku ya kwanza na mimi nikakisahau mbele ya mashine. Nilimuuliza kukoje huko ndani.

Alipozungumza, sebule nzima ilisikia.

"Nasikia Wanja akiuliza sweta yake. Najua iko wapi. Najua kabisa. Najiambia simama. Halafu ile ya kusimama haiko." Akapumua. "Si eti sitaki. Haiko."

Sikuwahi kuona picha iliyo wazi kuliko hiyo. Ilikuwa palepale aliponionyesha Daktari Manjit, ile sehemu ya mbele iliyofifia, isipokuwa hii ilikuwa ya mtu mmoja na ilikuwa na jina.

Mzee Gathogo alikuwa amefika mlangoni, kofia mkononi. Alimtazama shemeji yake. Kisha akasema, si kwetu, "Mama yetu alilala hivyo. Miaka mbili. Tulimzika tukisema ni kiburi." Akarudi sebuleni. Tukasikia seloteip ikibanduka, pembe moja moja, polepole, kama mtu asiyetaka kuchana.

Dawa zilirudi, na Daktari Manjit alipanda Subukia kila baada ya wiki mbili. Si muujiza. Mwezi wa kwanza hakukuwa na badiliko lolote, na mume wake aliporudi kutoka safari ilibidi aelezwe yote upya, mara hii na Mzee mwenyewe, aliyeeleza kwa kirefu na kukosea sehemu kadhaa. Mimi nilirudi kwenye kazi yangu. Tangu siku hiyo kila bahasha niliikabidhi kwa mwenye jina lake. Kama hana mikono ya kubebea, namwekea mapajani na kusema naye kwanza, aliyemleta asubiri. Mmekuwa mkinicheka kwa hilo, kwamba Madam Rhoda anaongea na mgonjwa kama anaomba kura. Sasa mmejua.

Mwezi wa tisa, saa nne hivi asubuhi, niliinua kichwa nikamwona Mama Wanja mlangoni pangu. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikuwa ameongeza mwili na amevaa kitambaa cha kichwa cha maua. Nilimuuliza kama ameleta ile bahasha. Akasema bahasha watoto walijaladia daftari. Alikuwa amekuja kwa jambo lingine, alitaka nimpige tena, tulinganishe.

Nikamwambia hapana. Mionzi si ya kuchezea, na tena haingesaidia. "Nikiziweka mbili pamoja, ya siku ile na ya leo, hata mimi sitajua gani ni gani."

"Hakutakuwa na tofauti?"

"Kwa hii mashine, hakuna."

Aliitazama ile pete kubwa ya mashine, kisha mimi. Halafu akatoa kwenye mkoba daftari lake la hospitali, lile analotumia Daktari Manjit, akaliweka mbele yangu. "Basi andika wewe," akasema. "Isikose kuandikwa mahali."

Wapiga picha hatuandiki ripoti, mnajua sheria. Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe, na chini yake: *Leo amekuja peke yake.* Akaligeuza daftari, akasoma, akasema ripoti yangu haijakamilika. Akaniomba kalamu, akainama, na kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema akaongeza: *Baada ya kukamua.*